Nafasi ya Tusekile

Siku hizi onyo la maporomoko ya udongo haliendi kwa kila mtu. Huingia kwenye simu ya yule tu aliyetengewa nafasi handakini. Simu ya Ambakisye ililia wakati mkewe, Tusekile, akimpakulia ndizi.

“Nani tena?”

“Wale wa matangazo.” Akanawa mikono. “Ngoja nikafuate mkaa, mvua isije ikakolea.”

“Vaa koti basi, mume wangu, utalowa.”

Mlangoni mwa handaki alionyesha simu, akaweka kidole gumba, mashine ikamkataa.

“Laini hii imesajiliwa kwa jina la Tusekile,” mlinzi alisema. “Nafasi ni yake.”

Ndipo alipokumbuka. Kitambulisho chake kilipochelewa kutoka, mkewe ndiye aliyemsajilia laini, kwa kidole chake mwenyewe.

“Yuko wapi?” mlinzi aliuliza.

Mlima ukanguruma. Ambakisye akajikaza kisabuni. “Ni marehemu.”

“Pole sana, ndugu yangu. Mume hurithi. Ingia.”

Ndani watu walikaa wakitazama sakafu. Simu yake ikaanza kuita. Alikuwa Tusekile. Akaiacha iite, kwa kuwa kila mfuko mle ndani ulikuwa ukiita, na hakuna aliyepokea.