Mashine ya Dirishani

Asubuhi hiyo agizo lilifika ofisi ya waliopotea: aliyetoweka miaka saba jina lake lifutwe. Bi Mashavu, mtunza orodha, akamfuta Kombo, aliyetimiza miaka hiyo, kwenye mashine kubwa ya orodha.

"Na ile ya dirishani, ya watu kutafutia?" akauliza fundi. "Inakili kila badiliko papo hapo, au ingoje mpaka uiamuru?"

Dirishani mama yake Kombo alikwisha fika, kama kila siku, anadonoa herufi za jina la mwanawe kwa kidole kimoja.

"Ingoje niiamuru," akasema Bi Mashavu.

"Utaiamuru lini, bibi?"

"Nikikumbuka, mwanangu. Na uzee huu nao una mambo!"

Fundi akamtazama yule mama, akaipanga mashine kama alivyoambiwa.

Jina la Kombo likatokea kwenye mashine ya dirishani. Mama akakipangusa kioo kwa ncha ya kanga, taratibu, pale penye jina tu.