Funguo za Bi Kazija

Mkokoteni ulikuwa umeanza kuondoka, Bi Kazija juu ya godoro lake, pale Nyange, aliyeinunua nyumba yake, alipoushika gurudumu.

"Mama, umenipa ufunguo mmoja tu. Nyingine ziko wapi?"

"Kwa majirani. Kila mlango wa mtaa huu una nakala."

"Kila mlango! Nimenunua nyumba au stendi?"

Jirani yao Chausiku, aliyekuwa akichambua mchele kibarazani, akacheka. "Baba, boya la tangi lako la darini hukwama. Maji yakifurika nawe hupo, nani ataingia kufunga koki?"

"Nitafunga mwenyewe."

"Kwa mkono upi, ukiwa kazini?"

Nyange aligeuka akaingia ndani. Alileta kitasa kipya, kizito, akaanza kung'oa cha zamani. Skrubu zilimgomea, bisibisi ikamchubua kidole, akatukana. Kipya nacho kikakaa kombo. Akakigonga kwa nyundo mpaka kikaingia.

Bi Kazija alimngoja hadi amalize. "Cha kubadilisha kilikuwa boya, mwanangu," akasema, na mkokoteni ukaenda.

Baadaye Bi Kazija alifia kwa bintiye, mji mwingine. Boya lilikwama Nyange akiwa huko msibani. Majirani walisikia maji, wakasukuma mlango kwa mabega, kitasa kikashika barabara. Dari iliangukia kitanda. Nyange sasa analala chumba cha nyuma. Chausiku bado anachambua mchele, na nyuma ya mlango wake, kama milango yote ya mtaa ule, ufunguo wa zamani ungali msumarini.