Maji ya Mwisho

"Lia basi, mama, tukusikie! Sauti yenyewe imebaki ya mbuzi aliyemeza gunzi."

Binti alisimama mlangoni, begi la safari bado begani. Fundi cherehani wa mlango wa pili ndiye aliyempigia simu: njoo umwokoe mama yako, mke wa kaka yako anamtukana kutwa mara tatu kama dozi. Hakuamini. Sasa aliamini.

Mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, gauni limepandishwa, mpira mwembamba ukitoka tumboni hadi kwenye mfuko uliolala sakafuni. Figo zake ziligoma mwaka jana, na tangu hapo damu ilisafishwa humo chumbani: maji ya dawa yaliingizwa tumboni, yakakaa saa kadhaa, kisha yakatolewa pamoja na uchafu wake. Kuingia hakukuwa na neno. Kazi ilikuwa kutoka, hasa yale ya mwisho, tumbo linapokaribia kukauka na mpira kuanza kunyonya nyama za ndani. Hapo mama aliuma meno na kung'ang'ania mbao za kitanda.

"Mtazame anavyojikunja!" Mke wa kaka aliendelea, barakoa usoni, macho kwenye mfuko. "Miaka yote ulinadi mitumba sokoni, ukawauzia watu suruali za mguu mmoja na wakakushukuru. Leo unashindwa kutoa maji? Hata sinki la jikoni linatoa bila kelele!"

Mabega ya mama yalitikisika. Alijifunika uso kwa kiganja.

"Toka," binti alisema.

Mke wa kaka aligeuka. "Ah, wifi! Karibu. Subiri kidogo, tunamalizia."

"Mnamalizia nini, roho yake? Fungasha virago. Kaka akirudi na lori lake atakukuta kwenu."

Mama aliinua mkono, meno bado yamekazana, neno halitoki. Binti aliudaka mkono ule, akaubusu. "Nipo, mama. Nimeona yote."

Mke wa kaka aliuinamia mfuko. Alingoja tone la mwisho, akamwekea mama maji mapya, akafunga kila kilichotakiwa kufungwa, akanawa, akavua barakoa. Bila barakoa alikuwa na uso wa kawaida kabisa, na hilo lilimuudhi binti zaidi. Sijui kaka alipendea nini hapo, aliwaza.

"Jioni yapashe maji kwanza," alisema mlangoni. "Na usimwonee huruma."

"Umelisikia?" binti alimwuliza mama, mlango ulipofungwa. "Usimwonee huruma! Halina hata haya."

Mama alikuwa amepata pumzi. "Umemfukuza kweli?"

"Kweli kabisa."

"Na jioni?"

"Si nipo? Kliniki tulifundishwa pamoja, mimi na yeye, siku moja. Ila mimi mdomo wangu sikuuokota jalalani."

Mama alishusha gauni lake. "Haya, mwanangu," alisema, akageukia ukuta. "Tuone."

Jioni binti alifanya kila kitu kwa mapenzi. Alinawa hadi kwenye viwiko, akapasha maji, akafunga dirisha vumbi lisiingie, akafungua kibanio cha mpira taratibu kama anayefungua zawadi. Maji yalipoanza kutoka, naye akaanza.

"Pole, mama. Pole sana. Jamani, pole mama yangu."

Akampapasa mgongo. Akamfuta jasho. Machozi yake mwenyewe yalitiririka ndani ya barakoa.

Mama, ambaye fundi wa mlango wa pili hakuwahi kumsikia akipiga kelele, alipiga kelele. Cherehani ikanyamaza.

"Funga! Funga nimesema!"

"Yametoka nusu tu, mama. Pole, jikaze kido..."

"Funga! Sitaki tena. Kesho kliniki waje wabebe mifuko yao, waniache nife na maji yangu."

Binti alifunga. Daktari alikwishawaambia wote, bila kuzunguka: siku atakayoacha, msimhesabie nyingi.

"Usiseme hivyo, mama. Nimwite nani? Daktari? Kaka?"

"Nipe simu."

Mama alibonyeza mwenyewe, akaweka sauti kubwa, akailaza simu kitandani. Haikumaliza kuita mara moja ikapokewa.

"Nimekwama katikati," mama alisema, pumzi ziko juu juu. "Na huyu ananipa pole kama niko kwenye matanga yangu."

Upande wa pili mke wa kaka akasafisha koo.

"Haya. Leo nianzie wapi, kwenye sura au kwenye tumbo?"

"Kwenye sura," mama alisema, mabega yakianza kutikisika kwa kicheko, akafungua kibanio kwa mkono wake mwenyewe.