Kipimo cha Presha

Ruzuku ya mradi wa mama na mtoto ilikuwa imekwisha, na afisa wa mradi alisimama mlangoni akisubiri kukabidhiwa kipimo cha presha. Siwema, mhudumu wa afya wa mtaa, alikuwa amekifunga mkononi mwa Mashavu, mwenye mimba ya miezi minane. Namba zilipotokea, Siwema aliona presha imepanda mno.

"Kichwa kinakuuma, mwanangu?"

"Tangu jana. Na macho yanaona ukungu."

"Dada, gari linaondoka," afisa alisema.

"Tupeleke hospitali kwanza."

"Sina ruhusa ya kubeba wagonjwa."

"Basi kipimo sikifungui. Ukikitaka, mchukue naye."

Alimwinua Mashavu, wakatoka polepole. Afisa alitazama miguu ya Mashavu iliyovimba, kisha akawafungulia mlango wa gari.