Nyundo ya Jirani

Glenys aliinua nyundo mbele ya kioo cha kwanza. Chumba cha vioo nyuma ya nyumba yake kilikuwa kimechoka. Mvua ikinyesha mjini Stockport, Uingereza, ilinyesha na ndani. Kiondoke, kijengwe kipya.

Nyundo ilikuwa ya jirani yake, mwanamume aliyelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba chumba hicho kinamziba jua. Leo kaleta nyundo, chai na biskuti.

"Vunja, bibie, mvua hiyo inarudi," alimhimiza. "Wala kibali huhitaji."

"Una hakika?"

"Kabisa. Mradi kipya kisizidi mita tatu kutoka ukuta wa nyumba, halmashauri hawakuulizi kitu."

Nyundo ikabaki hewani. Glenys akageuza macho hadi mwisho wa chumba, zaidi ya mita nne kutoka ukutani. Huko ndiko ulikosimama mzabibu wa marehemu mumewe, shina nene kama mkono, vitawi vyake vimejisokota kwenye fremu.

"Na kikizidi?"

"Hapo lazima waulizwe majirani kwanza."

"Yaani wewe."

Jirani akakoroga chai yake isiyo na sukari.

"Na hiki cha zamani, kikibaki kilivyo?"

"Hicho hakuna wa kukigusa," alisema, akitazama kikombe. "Lakini kinavuja, bibie!"

Glenys akashusha nyundo, akachukua biskuti, akaitafuna yote kwanza.

"Nyundo nitakaa nayo, jirani," alisema. "Sasa niletee na misumari ya paa."