Chini ya Njia ya Kutua

Sheria ilitaka familia za marubani wa anga za juu ziishi chini ya njia ya kutua, ili injini za jeti zikikataa kuwaka wakati wa kurudi, rubani asiruke kwa parachuti na kuacha chombo kiwaangukie watu.

Mchana mmoja Talaso alikuwa anaanika nguo wakati chombo cha mumewe, Guyo, kilipotokea juu kimyakimya, kikakata kona, ndipo injini zikanguruma.

Jioni Guyo hakugusa chakula.

"Zilichelewa kuwaka," alisema. "Nikakigeuza kisiangukie nyumba yetu."

"Ukakielekeza kwa jirani zetu, kina Halake, na watoto wote wale?"

Guyo akainamisha kichwa.

Asubuhi mke wa Halake alileta maziwa kumpongeza Guyo kwa kutua salama. Talaso aliyapokea kwa mikono miwili, akashindwa kumtazama usoni.