Alhamisi za Jemadari

"Ameniuma tena," mjane alisema, hata kabla mgeni hajavua kofia.

Aliinua mkono wa kushoto uliofungwa bendeji nyeupe pee. Mwalimu wa mbwa aliutazama kidogo, akafuta viatu mlangoni kama alivyofanya kila Alhamisi kwa wiki tisa.

"Pole sana, mama. Ilikuwaje?"

"Nilikuwa namwekea mkate wake na maziwa. Sijui nini kimempanda kichwani."

Mtuhumiwa alikuwa amelala chini ya meza, mbwa mzee wa rangi ya kahawia, ulimi umening'inia pembeni mwa mdomo. Aliitwa Jemadari. Jina hilo alipewa na marehemu mume wa mjane, enzi zile mbwa akifukuza baiskeli za mtaa mzima. Aliposikia sauti ya mwalimu alipiga mkia sakafuni mara mbili, akaona inatosha.

Mambo yalianza pale mjane alipompigia simu binti yake wa pekee, anayeishi mji mwingine, kumweleza kwamba Jemadari amegeuka mkali, amemng'ata. Alidhani binti angepanda basi la kwanza. Binti alisema, "Jamani, mama, pole," kisha akatafuta mtu mmoja aliyestaafu kazi ya kufundisha mbwa wa ulinzi, akamtuma yeye. Siku ile mjane alilia peke yake jikoni.

Mwalimu alipofika mara ya kwanza alipiga magoti, akamwacha mbwa amnuse, kisha akampapasa taya kwa kidole gumba, huku na huku. Alimtazama mbwa, akamtazama mjane, akatazama meza ya watu sita yenye kikombe kimoja.

"Kazi ipo, mama," alisema. "Hii si ya wiki moja."

Kifunga mdomo cha ngozi alichokuja nacho hakikuwahi kutoka kwenye mkoba. Yeye alifundisha kwa maneno. Mbwa haumi ghafla, alisema. Kwanza hutoa taarifa. Hugeuza uso, hulamba midomo, hukaza mkia. Akinguruma asikemewe, maana ukimzoesha kunyamaza atauma kimya kimya. Asisumbuliwe akila, asiinamiwe akiwa usingizini. Mjane aliandika yote kwenye daftari. Somo lilichukua nusu saa, chai ikachukua saa mbili. Mwalimu naye hakuwa na haraka ya kurudi kwake. Aliwahi kusema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba tangu mkewe afariki hupika chungu kimoja akakila siku tatu.

"Hivi hasa mbwa anauma kwa nini?" mjane aliuliza, akiinua birika zito kwa mkono ule ule wenye bendeji.

Mwalimu alimpokea birika. "Wengine ni woga. Wengine wana maumivu mahali. Wengine wameachwa peke yao mno, mama. Hao ndio wengi."

Mjane akajifanya anatafuta sukari, na sukari ilikuwa mbele yake.

Simu ikaita. Alikuwa binti, na alitaka mwalimu naye asikie.

"Wiki tisa, mama! Sasa mwalimu aniandikie leo leo. Kama mbwa amepona, tumshukuru mwalimu, aendelee na shughuli zake. Kama hajapona, Jumamosi daktari wa mifugo anakuja kumchoma sindano, alale moja kwa moja. Mimi silali kwa mawazo."

Simu ilikatika. Mjane alibaki ameishika. Mbwa akipona, mwalimu haji tena. Asipopona, Jemadari anakufa. Alitafuta pa kutokea, hakupaona.

"Kwa kweli hakuniuma sana," alisema upesi. "Kidogo tu. Kama kunigusa."

"Na bendeji yote hiyo, mama?"

"Ngozi yangu laini."

Mwalimu hakucheka. Alitoa kalamu, akaandika taratibu, akaipiga karatasi picha na kumtumia binti, kisha akaiacha mezani chini ya kisahani. Kando yake aliweka mfuko.

"Nimemletea Jemadari chakula," alisema. "Mpe hiki." Alivaa kofia, akasita mlangoni. "Chai ilikuwa nzuri."

Alisema hivyo kila Alhamisi, ila leo alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye viatu. Mjane hakuigusa karatasi mpaka hatua zake zilipopotea barabarani. Ndipo akaisoma, amesimama.

"Mbwa asichomwe sindano, anatibika. Lakini bado hajapona, na akiachwa sasa atarudia. Naomba niendelee kumwona kila Alhamisi. Siwezi kusema mpaka lini."

Aliketi. Alicheka, machozi yakamtoka, akamwita Jemadari aje asikie na yeye.

"Tumemweza, mzee," alimnong'oneza sikioni. "Fundi mzima kama yule, na tumemweza."

Alifungua bendeji, akaikunja vizuri, akairudisha kwenye droo kungojea Alhamisi. Mkono ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo. Kisha akauvuta mfuko ili amtilie mbwa chakula, akaona maandishi yaliyopigiwa mstari kwa kalamu ya mwalimu:

"Chakula laini. Kwa mbwa wazee wasio na meno."